Gobore Lililorudishwa Juu ya Moto

Upendo,

Nasikia umeshahamia kwa Bibi na umepewa kitanda changu. Mguu mmoja wa kitanda ni mfupi. Kipande cha tofali kinachoushikilia huwa kinahama ukifagia, kwa hiyo kirudishe kabla hujalala, la sivyo utaamka umebanwa na ukuta.

Mimi nimestaafu. Najua mtu aliyemaliza kidato cha nne juzi hasemi amestaafu, lakini sijapata neno lingine. Nilianza kazi ya kukaa na wazee nikiwa darasa la tano na nimeiacha mwaka huu, na wewe ndiye umeichukua. Watu wazima wakistaafu hueleza walivyopanda vyeo. Mimi niliingia nikiwa mjukuu wa kukaa na wazee nikatoka hivyohivyo. Kwa hiyo nitakuandikia kazi yenyewe, halafu nitakuandikia habari za gobore, maana najua nyumbani kwenu umesimuliwa kwa namna nyingine, na wewe ni binti wa Mjomba Sifaeli, una haki ya kusikia na upande huu.

Mama alinipandisha huko mlimani kutoka Kwa Mrombo, anakouza viazi na vitunguu sokoni. Unajua desturi yetu: watoto wote wakishaondoka kihambani, kwenye migomba ya baba yao, mjukuu mmoja anapelekwa kukaa na wazee. Kawaida ni mtoto wa mtoto wa kiume. Mwaka ule wajomba wote walikuwa na sababu, ndipo nikapelekwa mimi, mtoto wa binti, ambaye kwa ukoo ni wa watu wengine.

"Huyu anaongea?" Babu alimuuliza mama.

"Anaongea akizoea, baba."

"Asiharakishe kuzoea. Redio tunayo."

Bibi alinipa bakuli la loshoro, mahindi ya maziwa mgando, akakaa kuangalia kama nitalimaliza. Nililimaliza. Ule uchachu wa maziwa ulinishinda kabisa, ila niliogopa kusema, na kwa sababu sikusema, niliwekewa loshoro nyingi kuliko mtu yeyote mpaka nikaipenda kweli. Aibu imenipatia mambo mengi kwa njia hiyo.

Kazi utaizoea. Majani ya ng'ombe unakata kando ya mfereji asubuhi kabla ya shule, umande ukiwepo, maana jua likishapanda yanakukata vidole. Mgomba wa kumkatia ng'ombe ukate vipande vyembamba, yule mwekundu ana tabia ya kukabwa. Panga noa kwa jiwe la mtoni. Babu alinikuta siku moja nalinoa kwenye ngazi ya saruji, akasema, "Unalikula hilo. Kesho utakata kwa mpini." Meseji za simu msomee Bibi polepole, na ukifika mahali pabaya usikohoe, anajua. Ofisini na hospitalini wewe ndiye mkalimani wake. Kiswahili anakielewa, ila hapendi kukiongea mbele ya watu wanaokalia viti vya kuzunguka. Usimuulize kama amechoka. Mpokee kilicho mkononi, basi.

Kuhusu upweke sitakudanganya. Mwezi wa saba ukungu unashuka kutoka msituni, migomba ya jirani haionekani, na unaweza kumaliza siku nzima umeongea na ng'ombe tu. Wenzangu wa shule walikaa chini kule barabarani, Jumamosi wanacheza, mimi nasikia kelele zao zikiwa zimechoka kwa kupanda mlima. Nilianza kuandika kwenye daftari wakati huo. Babu aliniona naandika, akauliza nani anasoma. Nikasema hakuna. Akasema, "Vizuri, hutabishana na mtu."

Yeye ndiye aliyenifundisha nyani. Nyani wanamjua mtu. Wakimwona mwanamume wanakaa kando ya msitu wakijikuna kama hawana haja na mahindi. Mwanamume akiondoka, mwanamke au mtoto hawamjali hata kidogo, wanashuka, na dume linaweza kukukalia mbele na kukuangalia usoni. Babu alinivalisha koti lake na kofia yake, akaniambia nitembee kwa kuburura mguu kama yeye. Siku za mwanzo walikimbia. Baadaye wakajua. Nilisimama pale katikati ya mahindi na koti linaloburuza chini, nyani wananiangalia, na nilishukuru tu kwamba hakuna mtu wa darasani aliyepita.

Sasa gobore. Sijui kama umewahi kuliona. Ni bunduki ya kizamani ya kushindilia kwa mdomoni, baruti kwanza, vyuma baadaye. Babu aliachiwa na baba yake. Halikuwa na leseni na halikuwahi kuandikishwa popote, lakini kitongoji kizima kililijua, kama kinavyojua ng'ombe wa mtu. Lilikaa darini jikoni, juu ya mafiga, moshi ulizuie kutu. Hapo lilikuwa tupu. Mahindi yakibeba, Babu alilishusha, akalishindilia, akalihamishia stoo ya kahawa nyuma ya magunia, mbali na moto. Msimu ukiisha alilifyatua hewani, akalisafisha, likarudi darini. Hakuwahi kunieleza kwamba likiwa stoo limejaa na likiwa darini ni tupu. Nilijua kwa kuona miaka yote. Alichoniambia ni kimoja: "Hili huligusi. Ukiligusa narudisha mtu kwa mama yake." Sikuligusa.

Babu aliugua mahindi yakiwa yamebeba. Walimteremsha hospitali, na aliporudi alirudi kwenye jeneza. Gobore lilikuwa stoo.

Watu wakajaa kwa matanga. Nafasi ya kulala haikutosha, kwa hiyo shangazi na wakwe wakaitoa kahawa stoo, wakafagia, wakatandika magodoro. Mmoja wao, sijui nani mpaka leo na sitaki kujua, alilikuta gobore nyuma ya magunia limefungwa kwenye gunia kuukuu. Mwanamke yeyote aliyeolewa katika ukoo huu anajua gobore linakaa wapi. Akalirudisha mahali pake. Alifanya vizuri, kama ungemwuliza, aliweka nyumba ya marehemu sawa.

Mimi nilikuwa mferejini nasugua masufuria. Niliporudi na ndoo ya maji kichwani nikasimama mlango wa jikoni. Sufuria kubwa la makande lilikuwa linachemka, kuni zimesukumwa mpaka mwisho, na juu yake, katikati ya moshi, nikaona ncha ya lile gunia.

"Wewe umeota mizizi hapo?" shangazi mmoja akaniuliza. "Leta maji."

Nikaleta maji. Wanawake walikuwa wengi mle ndani, wote wakubwa kwangu, wote wanalia au wanacheka, na mimi sauti haikutoka.

Baada ya mazishi ukoo ukakaa uani kugawa. Nyumba na kihamba kwa kitinda mimba, yaani baba yako. Halafu vitu vidogo. Mzee wa ukoo akawa anataja kimoja kimoja na mjomba anayepewa: "Blanketi, Ndekirwa. Mkongojo, Sifaeli. Gobore, Sifaeli. Redio abaki nayo mama." Hivyo tu, kati ya mkongojo na redio. Hakuna aliyeshtuka. Baba yako akasema atakuja kulichukua akipata nafasi. Watu wakala, wakaombewa, wakaondoka.

Tukabaki mimi na Bibi. Bibi hakuwasha redio tena. Ndipo nilipojua kwamba miaka yote redio ndiyo iliyokuwa inaongea kwa niaba yetu sote watatu. Tulikuwa tunasikia mfereji kutoka ndani, na mimi sikuwahi kujua kwamba mfereji unasikika kutoka ndani.

Nikahamisha moto. Nilipanga mafiga nje, chini ya mpera, nikapika ugali pale. Bibi akatoka akanisimamia.

"Jiko langu lina nini?"

"Moshi unaniumiza macho, Bibi."

"Leo ndiyo umeanza kuwa na macho?"

Akabeba kuni moja moja akazirudisha ndani. Usiku ule na siku zilizofuata alipika mwenyewe, amekaa kwenye kigoda chake, kichwa chake kikiwa karibu chini kabisa ya lile gunia. Mimi nilikaa mlangoni nikihesabu cheche. Nilijiambia nikikaa karibu naye, likilipuka tutaondoka wote. Nilikuwa nawaza hivyo kweli, sijaongeza.

Nikampigia baba yako. Simu naiogopa kuliko nyani, lakini nilipiga.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Bibi mzima?"

"Mzima. Mjomba, lile gobore..."

"Limefanya nini?"

"Limeshindiliwa. Na liko juu ya moto."

"Nani kakwambia limeshindiliwa? Umelichungulia mdomoni?"

"Lilikuwa stoo."

"Stoo na baruti wapi na wapi? Eliwaza, wewe soma shule. Jumamosi nakuja kulichukua, nalileta huku Ngaramtoni. Kuna rafiki yangu shamba lake linaliwa na nguruwe."

"Utalibebaje, mjomba?"

"Kwenye gunia, kwa bodaboda. Kwani ni maiti?"

Jumamosi hakuja, alipata kazi ya kuezeka. Iliyofuata pia. Upendo, baba yako si mtu mbaya, ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli. Lakini aliona kitu cha baba yake, mimi nikaona moto. Nikamwambia Bibi mwenyewe. Akasema, "Hayo ni ya wanaume. Sifaeli atakuja." Nilimwambia limejaa, akasema Babu asingeacha kitu kimejaa. Alimwamini hata baada ya kumzika.

Kilichonizuia kwenda mbele zaidi ni Bibi huyohuyo. Mwalimu wa uraia alitufundisha kwamba kukaa na silaha bila leseni ni kosa la jinai, akafuta ubao akaendelea na mada ya bendera. Jiko ni la nani? La Bibi. Nikisema, wanamfunga. Nisiposema, linamlipukia. Niliwaza hivyo darasani, niliwaza nikikata majani, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza, kwa sababu kumuuliza ndiyo kusema.

Siku nilipoona cheche imeruka ikatua kwenye lile gunia na kuzimika, sikurudi nyumbani moja kwa moja kutoka shule. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Nanyaro, nikiwa na sare. Alikuwa anakunywa chai kibarazani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kumbe una sauti. Mimi miaka yote nadhani mjukuu wa marehemu ni bubu."

Nikamwambia. Nilisema nikiangalia miguu yake. Akauliza, "Sifaeli anajua umekuja?"

"Hajui."

"Bibi yako?"

"Hajui."

"Basi umekuja peke yako kwelikweli." Alikuwa bado anatabasamu. "Liko wapi, stoo?"

"Walilirudisha darini. Juu ya mafiga."

Akaiweka chai chini. "Moto unawaka?"

"Atawasha sasa hivi."

Mzee yule ana mguu mbaya lakini tulitembea haraka, yeye akiwa na simu sikioni anaongea na askari wa kata. Nilisikia akiambiwa msiliguse, msilishushe, msimwage maji, mwondoe watu tu. Tulimkuta Bibi ameinama anapuliza moto. Mwenyekiti akavuta kuni nje zote, akasema, "Mama, leo hupiki humu." Bibi akaniangalia. Hakukasirika. Aliniangalia kama anavyowaangalia wageni, kwa adabu. Tulilala kwa jirani.

Asubuhi walikuja askari wawili: afande wa kata, ambaye ni mwanamke na alivaa buti za mvua, na mzee mmoja mnene fundi wa silaha kutoka wilayani. Sisi tukapelekwa nyuma ya zizi. Fundi aliingia peke yake. Alikaa muda mrefu mpaka mwenyekiti akaanza kuimba kwa chini. Kisha akatoka, jasho limemlowesha, akasema, "Limejaa. Na fataki ya kuwashia baruti iko mahali pake."

Bibi akakaa chini kwenye majani ya ng'ombe.

Afande akaanza kuuliza maswali, na mimi nikawa mkalimani, ndiyo kazi yangu. Lilikuwa la nani? La mume wangu, aliachiwa na baba yake. Lilikuwa na leseni? Halikuwa. Halafu akauliza kama Bibi alijua liko pale. Bibi akajibu kwa Kimeru, "Jiko langu. Kila kitu najua." Upendo, ningeweza kutafsiri kwamba hajui. Hakuna askari aliyekuwa anaelewa. Mwenyekiti anaelewa, lakini alikuwa ameangalia pembeni makusudi, niliona. Nikatafsiri kama alivyosema, maana niliogopa kwamba uongo ukianza kwangu ndio utakaomrudia yeye.

Afande akaacha kuandika. "Mwambie bibi yako simwahidi kitu. Nitaandika kwamba mwenye silaha amefariki, na familia yenyewe imeita. Hilo nitaliandika kwanza."

"Na Sifaeli alipewa kwenye kikao," Bibi akasema, safari hii kwa Kiswahili.

"Mama, silaha haigawiwi kikaoni kama blanketi. Mwenye silaha akifa, inakuja polisi, iwe na leseni au isiwe nayo. Ikiwa nayo, mrithi anaomba upya kwa jina lake, anaanzia hapa kijijini, kata, wilaya, wanamchunguza kama ana akili timamu. Isiyo na leseni haina pa kuanzia. Inasalimishwa, basi." Akamgeukia mwenyekiti. "Na nasikia kuna mtu alitaka kulipakia bodaboda."

"Nasikia na mimi," mwenyekiti akasema.

"Angekamatwa njiani hata kama angesema analeta kituoni. Mtu asibebe. Apige simu, sisi tuna gari."

Waliondoka nalo, pamoja na kopo la baruti la Babu walilolikuta zizini. Bibi aliitwa kituoni kuandika maelezo, nikamsindikiza, tukakaa kwenye benchi na watu wenye shida zao. Akaitwa tena. Katikati ya safari hizo mbili sikula vizuri. Nilifungasha khanga yake na sweta kwenye mfuko mweusi, nikauficha, endapo wangemchukua ghafla. Mara ya pili mkuu wa kituo alisema hawaoni sababu ya kumfungulia kesi mama mzee ambaye nyumba yake imesalimisha silaha. Akatuambia twende nyumbani. Bibi alimpa shikamoo ya kumshukuru, na yule mkuu ni kijana, akaona aibu.

Nilidhani imeisha. Wajomba wakaja Jumapili baada ya ibada.

"Babu yako hata kaburi halijakauka," baba yako akasema, "umeshamuuza polisi."

"Lilikuwa limejaa, mjomba."

"Ungeniambia."

"Nilikuambia."

Nadhani alikumbuka. Lakini mzee wa ukoo akasema mtoto wa binti hawezi kutoa nje siri ya ukoo usio wake, na kwamba kosa ni lao kumweka mtu wa nje akae na wazee. Bibi alikuwa pale, anapukuchua maharage kwenye ungo. Nilimsubiri aseme. Alipukuchua mpaka yakaisha, akaanza kupepeta.

Serikalini nasikia kuna kustaafishwa kwa manufaa ya umma. Mimi nilistaafishwa kwa manufaa ya ukoo. Walisema kwa upole, kwamba naenda kidato cha tano hata hivyo, na Upendo amekua.

Siku ya kuondoka Bibi alivaa nguo za kanisani, akabeba begi langu kichwani mwenyewe mpaka barabarani, akipita mbele ya nyumba zote za ukoo. Nilijaribu kumpokea akakataa. Tulisimama tukisubiri gari.

"Upendo anaongea sana?" akaniuliza.

"Sana, Bibi."

"Mh."

Ndiyo aliyosema yote. Sikuambiwa nilifanya vizuri wala vibaya, na gari likaja.

Sasa niko Kwa Mrombo, chumba kimoja na mama, nasubiri kupangiwa shule. Hapa kuna kelele kuanzia alfajiri, watu wanagombania bei ya nyanya dirishani, na sijawahi kuwa peke yangu hivi. Wale ndugu wa mlimani wakishuka sokoni wanamsalimia mama, mimi wananipita. Nimezoea kiasi.

Ukikuta kitu kingine cha Babu mle ndani, risasi, chuma usichokielewa, chochote, usikiguse wala usikihamishe. Mwambie baba yako. Asipokuja Jumamosi aliyosema, nenda kwa Mzee Nanyaro, usisubiri ya pili. Atakutania kwanza. Mwache amalize.

Jambo la mwisho halihusu kazi. Jioni simu ya Bibi ikiita, ni mimi. Usiongee naye juu yangu, mpe tu. Ataniuliza kama nimekula, nitasema ndiyo, na hatakuwa na neno lingine, lakini hakati. Anaiweka simu chini kwenye kigoda na kuendelea na shughuli zake. Nasikia kuni zikivunjwa, nasikia mfuniko, nasikia akipuliza moto na kukohoa kidogo. Anapika ndani. Nakaa kwenye kona ya kitanda cha mama nimeziba sikio lingine, nasikiliza mpaka chakula chake kiive au simu izime.

Eliwaza